Kepler: macho mabovu, lakini mwanga aliuelewa

Wadau, umeme ukikatika huku kwetu Usagara, Tanga, madogo wenye mitihani hugombania kukaa karibu na kibatari. Wana haki! Aliyelitolea hesabu jambo hilo ni Mjerumani Johannes Kepler, aliyezaliwa mwaka 1571.

Ndui ilimharibu macho akiwa bado mtoto. Lakini mwaka 1604, akiwa Prague, jamaa akatoa kitabu kuhusu mwanga. Alieleza kuwa mwanga wa taa husambaa pande zote kama puto linalojazwa upepo. Umbali ukiwa mara mbili, eneo linalomulikwa linakuwa mara nne, kwa hiyo daftari lako linapata robo tu. Yaani ukilitoa futi 1 ukalipeleka futi 3, unabaki na moja ya tisa. Si mchezo!

Mama yake alishtakiwa kwa uchawi, kama wanavyosingiziwa vikongwe wengi hapa Bongo. Kepler akaweka kazi kando akaenda kumtetea, mama akaachiwa mwaka 1621. Mimi hapo ndipo namvulia kofia zaidi.

Alifariki mwaka 1630 mjini Regensburg, alikokwenda kufuatilia hela alizokuwa anadai. Kaburi lake lilipotea vitani.