Hiram Percy Maxim: mutoto wa fundi wa mitrayeze, mwenye alinyamazisha motere

Asubuhi na mapema, mbele jua halijapanda, muji wetu unaamuka na makelele. Grupu za umeme zinalia ndani ya viwanja, manseba wanapita wawili watatu, na makamyo ya mine yanapanda barabara na mizigo yao. Chini ya kila gari kuna kile kisanduku cha chuma, kama mutungi uliolazwa, chenye mafundi wetu wanaita silansie. Siku kinapasuka, mutaa muzima unajua. Bei yake tunaijua, juu tumeilipa. Lakini wachache wanajua habari za mutu mwenye alipitisha nusu ya maisha yake akitafuta namna ya kunyamazisha mashini. Jina lake Hiram Percy Maxim. Nyumbani walimuita Percy, na sisi tutamuita vile.

Wazee wenye kusoma historia watashituka wakisikia jina Maxim. Ndiyo, njo lile lile. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, alizaliwa mwaka 1840 kule Sangerville, katika jimbo la Maine, Marekani. Alikuwa fundi wa kujifundisha mwenyewe, mwenye kichwa cha moto. Mwaka 1884, akiwa London, alitengeneza mitrayeze ya kwanza yenye kutumia nguvu ya kurudi nyuma ya bunduki yenyewe ili kutoa ganda la risasi na kuingiza risasi ingine. Mutu anashikilia paka, na risasi karibu 600 zinatoka kwa dakika moja. Stanley alibeba moja ya bunduki hizo mwaka 1887 wakati alipanda muto Congo kumutafuta Emin Pasha. Kati ya maofisa wake kulikuwa William Stairs, yule mwenye kisha alikuja huku Katanga na safari yake mwenyewe, kwa faida ya Leopold II, na mwami Msiri akauawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891. Mitrayeze zingine za Maxim zilifanya kazi yao kwa Wamatabele mwaka 1893 na kule Omdurman, Sudan, mwaka 1898. Kwa hiyo jina hili si geni katika bara letu, na halikuingia kwa amani.

Mutoto alizaliwa mbele ya mambo hayo yote, tarehe 2 Septemba 1869, Brooklyn, karibu na New York. Mama yake alikuwa Jane Budden. Walikuwa watoto watatu, Percy na dada zake wawili, Florence na Adelaide. Nyumba ilikuwa na kicheko mingi, sababu baba alipenda kufanyia watu michezo, wageni na watoto wake pia. Lakini mwaka 1881 baba alikwenda Paris kwa maonyesho makubwa ya umeme. Kutoka Paris akaingia London, na London ikamubakisha. Akapata muke mwingine kule, akapata mali, akageuka raia wa Uingereza, na mwaka 1901 akapewa cheo cha Sir. Mama Jane alibaki Marekani na watoto. Percy alikuwa na miaka karibu 12. Jamaa za huku kwetu zenye ziliona baba anapanda gari kwenda kutafuta kazi mbali, na miaka inapita, hazihitaji maelezo mingi juu ya nyumba ile.

Mutoto alikuwa na akili ya baba. Mwaka 1886, akiwa na miaka 16, alimaliza masomo ya ufundi katika shule kubwa ya Boston yenye leo dunia nzima inaijua kwa jina MIT. Akafanya kazi huku na kule, mwisho akaingia katika kiwanda cha kutengeneza makombora ya mizinga, muji wa Lynn, jimbo la Massachusetts.

Pale njo habari yenyewe inaanza, na inaanza na kinga. Usiku mumoja wa mwaka 1892, Percy alikuwa akitoka Salem, kwenye alikwenda kumutembelea musichana mumoja. Kutoka Salem kufika Lynn si mbali, lakini usiku ulikuwa mukubwa na miguu imechoka. Akiwa anapiga pedale peke yake, akawaza kwamba kama mashini ndogo ingefanya kazi ya miguu yake, mutu angeweza kukaa mbali na muji na kurudi kwake wakati wowote. Hakujua kwamba kule Ujerumani Karl Benz alishafanya motokari yenye kutembea tangu mwaka 1886. Alifikiri ni yeye peke yake duniani mwenye wazo lile.

Basi akanunua esanse kidogo ndani ya chupa, ingawa hakujua vizuri tabia yake. Akatwaa ganda tupu la kombora, akatia matone, akatikisa, akatupa kibiriti cha moto. Mulipuko ulimufundisha mambo mawili kwa siku moja. Kwanza, tone moja la esanse lina nguvu kupita vile alifikiri. Pili, kuna tofauti ndogo sana kati ya motere na bunduki. Katika bunduki, moto unasukuma risasi, na risasi inakwenda zake. Katika motere, moto unasukuma pistoni, pistoni inarudi, na jambo linaanza tena. Mutoto wa mutu wa mitrayeze alikuwa mahali pazuri kwa kufahamu jambo hilo.

Alitengeneza motere ya silinda tatu, akaifunga juu ya kinga ya magurudumu matatu. Mwaka 1895 akaitwa Hartford, jimbo la Connecticut, kwa kampuni ya kolonele Albert Pope, mwenye alikuwa tajiri wa kinga za jina Columbia. Kazi yake ilikuwa kutengeneza motokari. Lakini Pope na watu wake walipenda zaidi motokari za batri, sababu hazina makelele wala moshi. Inasemekana kolonele hakuamini kwamba mutu mwenye akili atakubali kukaa juu ya mulipuko. Tusimucheke. Motere za wakati ule zililia kama bunduki, farasi walikimbia wakiangusha mizigo, na wenye mitaa walikasirika. Percy alitengeneza za batri na za esanse pia, na mwaka 1899 alishinda mashindano ya motokari kule Branford. Desemba 1898 alimuoa Josephine Hamilton, binti ya mutu mwenye aliwahi kuwa gavana wa jimbo la Maryland. Wakazaa watoto wawili, mwanaume na mwanamuke.

Lakini lile jambo la makelele halikumutoka.

Wanaeleza kwamba siku moja alikuwa akioga, kisha akafungua kizibo cha beseni. Akaangalia vile maji yanashuka: hayaanguki mara moja, yanazunguka na kuzunguka, na kule kuzunguka kunayachelewesha. Akajiuliza kama moshi wa bunduki unaweza kuzungushwa sawa vile.

Ili kufahamu, chukua chupa ya Simba, itikise, kisha fungua kifuniko mara moja. Italia, na pombe itakurukia. Sasa chukua ingine, fungua polepole sana, kidogo kidogo. Utasikia paka pumzi inatoka. Gazi ni ile ile na chupa ni ile ile. Chenye kinafanya makelele ni gazi yenye imebanwa kuachiliwa kwa ghafula juu ya hewa yenye imetulia. Percy alifunga kwenye mudomo wa bunduki bomba fupi lenye vyumba vingi ndani, na katikati tundu la kupitisha risasi. Risasi inapita moja kwa moja. Gazi, yenyewe, inapanuka na kuingia vyumbani, inazunguka, inapoteza mbio na joto, na mwisho inatoka kama pumzi. Akaipatia hati ya uvumbuzi tarehe 30 Machi 1909, na kampuni yake ilikuwa imefunguliwa mwaka mumoja mbele.

Haikunyamazisha kila kitu. Risasi yenye kwenda mbio kupita sauti, yaani kupita metre karibu 340 kwa sekunde, inapasua hewa yenyewe, na mulio ule hakuna kisanduku chenye kinauzuia. Filamu zenye zinaonyesha bunduki inatoa paka mulio wa panya zinatudanganya.

Percy aliuza kifaa hiki kwa wapiga shabaha na wawindaji wenye hawakutaka kusumbua majirani. Lakini watu waliwaza upande mwingine, na walikuwa na haki: mwizi naye hapendi kusumbua majirani. Majimbo mengine yakakataza. Mwaka 1934 sheria ya Marekani yote iliweka kodi ya dola 200 juu ya kila kimoja, wakati kifaa chenyewe kilikuwa kimeuzwa dola chache tu. Mimi ninaona kwamba hapa jina la baba lilimufuata mutoto. Alitaka utulivu, na dunia ikaona silaha.

Bon, upande wa pili wa kazi njo ulibaki na faida. Moshi wa motere unatoka kwenye silinda ukiwa bado umebanwa. Vali ikifunguka tu, unaruka inje kama gazi nyuma ya risasi, mara mingi kwa kila sekunde. Dawa ilikuwa ile ile: vyumba, vizuizi, mabomba yenye matundu. Tuseme ukweli, Percy hakuwa wa kwanza. Ndugu wawili wa jimbo la Indiana, Milton na Marshall Reeves, walipata hati ya silansie ya motere mwaka 1897. Lakini kampuni ya Maxim ilifanya kazi hiyo kwa wingi: silansie za motere za mazuti, za meli, za viwanda, za kompreseri, mupaka na kisanduku cha kuweka dirishani chenye kinaingiza hewa chumbani na kuacha makelele ya barabara inje.

Ugumu wa kazi ni kupima. Ukizuia moshi sana, unarudi nyuma, motere inachoka na kula mazuti. Ukiuachilia sana, masikio yanalipa. Njo sababu madereva wengine wanakata silansie wakifikiri wanaongeza nguvu. Wanaongeza kidogo kweli, mara zingine. Ila mwenye kulala karibu na barabara hakuulizwa.

Baba mukubwa wangu alifanya miaka mingi chini ya udongo, kati ya kompreseri na mashini ya kutoboa mawe. Leo ukimusalimia lazima ukae mbele yake, aone midomo. Hakupigwa na jiwe wala hakuanguka shimoni. Masikio yaliisha polepole, bila damu, na hakuna karatasi yenye iliandikwa juu yake. Ninasema hivi sababu Sir Hiram, yule baba wa London, naye aligeuka kiziwi. Miaka ya kusimama karibu na bunduki zake mwenyewe ilimumalizia masikio mbele hajafa, mwezi wa Novemba 1916. Mutoto wake alikuwa akiuza ukimya wakati ule ule, ngambo ingine ya bahari.

Percy alikuwa na mapendo mengine mingi, na moja lilimupatia sifa hata kupita silansie. Mwaka 1914, akiwa na stesheni yake ndogo ya redio Hartford, alitaka kutuma ujumbe mupaka Springfield, umbali wa kilometre karibu 40. Mashini yake haikufika. Akamuomba mwenye redio mwingine, katikati ya njia, Windsor Locks, apokee na kutuma mbele. Kumbe njia njo ile! Pamoja na kijana Clarence Tuska akaunganisha wenye redio wa Marekani katika chama kimoja cha kupitishiana ujumbe kutoka muji kwa muji, na mwaka 1925, Paris, akachaguliwa kuwa mukubwa wa kwanza wa chama cha wenye redio wa dunia yote. Alipenda sinema pia, akaanzisha chama cha wenye kupiga filamu kwa furaha yao, na usiku aliangalia nyota.

Mwisho wa maisha aliandika kitabu juu ya baba yake, chenye kilitoka mwaka 1936. Mutu angengoja hasira ndani yake. Hapana, ni kitabu cha kuchekesha, chenye kinaeleza michezo ya nyumba ya Brooklyn, baba akiwa bado pale. Mitrayeze haina nafasi kubwa ndani yake. Kinamuacha baba karibu na pale baba alimuacha.

Mwezi wa Februari mwaka ule ule, akiwa ndani ya treni kwenda California kuangalia nyota kwa darubini kubwa, koo ilimushika. Wakamushusha La Junta, jimbo la Colorado, wakamupeleka hospitali, na tarehe 17 akafariki, na miaka 66. Alizikwa Hagerstown, Maryland, kwa watu wa muke wake. Herufi za redio yake, W1AW, zilipewa stesheni ya chama chake kule Newington, karibu na Hartford, na mupaka leo inatuma ujumbe hewani.