Munganga Marjory Warren, aliyeinua wazee kutoka kitandani

Leo tunawasimulia maisha ya munganga mumoja wa Uingereza, bibi Marjory Warren. Wanganga wanaotunza wazee wanamuita mama wa kazi yao. Sisi wenye wazazi nyumbani, inafaa tumujue pia.

Alizaliwa London mwaka wa 1897. Akasoma udaktari katika shule ya wanawake, ju wakati ule shule mingi za udaktari za Uingereza zilikuwa bado zinawafungia wanawake mulango. Akamaliza mwaka wa 1923. Mwaka wa 1926 akaingia kazini ku hospitali ya West Middlesex, huko Isleworth, pembeni ya London. Kwanza alifanya sana kazi ya kupasua wagonjwa.

Mwaka wa 1935 mambo yakabadilika. Jirani na hospitali palikuwa nyumba ya zamani ya kutunzia maskini wagonjwa. Hospitali ikakabiziwa nyumba ile, na Warren akatumwa kuangalia watu waliokuwa ndani. Akakuta vitanda 714. Waliopooza upande mumoja, waliovunjika mifupa, waliochanganyikiwa akili, wote walikuwa wamelazwa pamoja. Wengi walikuwa wazee. Hakuna aliyekuwa ametafuta kwa kweli ni ugonjwa gani unamulaza kila mumoja. Waliitwa tu wagonjwa wasiopona, na mutu akishapewa jina lile, kitanda kinakuwa chake mpaka siku ya kufa.

Tusizani kwamba wauguzi walikuwa na roho mubaya. Walifikiri kumuacha muzee alale ni kumuhurumia. Lakini kitanda nacho kinaleta ugonjwa wake. Muzee akilala wiki mingi, misuli inaisha, magoti yanakauka, mugongo unatoka vidonda, mikojo inamushinda. Kisha watu wanasema ni uzee. Njo hapo Warren alikataa.

Akaanza kuwapima mumoja kwa mumoja. Akawapanga: wenye kuweza kuamka, wenye kulala lakini wanajizuia haja, wasiojizuia, wenye kusahau lakini watulivu, na wale waliohitaji kutengwa na wengine. Kila mumoja akatafutiwa matunzo yake. Munganga, wauguzi, wenye kunyoosha viungo na wenye kufuata mambo ya jamaa walifanya kazi pamoja. Waliopooza wakafundishwa tena kukaa, kusimama, kutembea, kuvaa nguo wenyewe. Hata vyumba akavitengeneza: rangi ya kung'aa ukutani, taa nzuri, vitanda vipya.

Wengi wakaanza kutoka. Wengine wakarudi kwao, wengine wakaenda katika nyumba za wazee, mahali ambapo hawahitaji munganga kila siku. Wale waliokuwa wagonjwa kabisa wakabaki, na wakatunzwa vizuri kuliko mbele. Vitanda vya wazee vikashuka kutoka 714 mpaka 240. Vilivyobaki vikapewa wagonjwa wa kifua kikuu. Serikali haikuhitaji kujenga kitu: kitanda kimoja, kilichokuwa cha mutu mumoja miaka na miaka, sasa kilipokea mugonjwa, kikamuponyesha, kikapokea mwingine.

Mwaka wa 1943, na tena mwaka wa 1946, aliandika hayo katika magazeti ya wanganga. Aliomba kwamba wazee watunzwe ndani ya hospitali za kawaida, penye vyombo vya kupimia, na kwamba wanafunzi wa udaktari wafundishwe kazi hiyo. Mwaka wa 1947 wanganga wa wazee wa Uingereza wakaunda shirika lao, na yeye alikuwa kati yao. Baada ya serikali kuchukua matunzo ya hospitali zote mwaka wa 1948, utunzaji wa wazee ukatambuliwa kuwa tawi la udaktari lenye wanganga wake.

Warren alikufa mwaka wa 1960 kwa aksida ya gari, akiwa njiani kwenda Ujerumani. Alikuwa bado anafanya kazi.

Huku kwetu shida iko ya namna ingine. Hatuna nyumba za maskini kama ile, na kila usiku wa hospitali unalipwa na jamaa: dawa, chakula, mutu wa kulala pembeni ya mugonjwa. Kuna jamaa zinauza kiwanja ju ya muzee aliyelazwa tu, bila mutu kueleza anangojea nini. Basi tukimupeleka baba ao mama hospitali, tumuulize munganga kwa heshima: ugonjwa wake ni gani, na leo anaweza kufanya nini mwenyewe? Kama munganga anakubali, tumuinue akae, tumushike mukono afike mulangoni. Njo kazi Warren alianza nayo, na ile haihitaji feza.