Thyagaraja Bhagavathar: Steringi aliyekuwa jela huku picha yake ikijaza ukumbi

Ukiingia kibanda umiza chochote jioni, iwe Guta, Bunda mjini au Musoma, kuna sheria moja ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua: steringi hafi. Atapigwa, atasingiziwa, atafungwa, lakini mwisho wa picha lazima arudi, awamalize wabaya wake na wimbo upigwe.

Siku hizi picha za Kihindi zinazobamba si za Bombay peke yake. Nyingi zinatoka kusini mwa India, kwa watu wanaozungumza Kitamil, Kitelugu, Kimalayalam na Kikannada. Machi 2023 wimbo wa Naatu Naatu, kutoka picha ya Kitelugu iitwayo RRR, ulichukua tuzo ya Oscar. Na hapa kwetu Kili Paul amejulikana dunia nzima kwa kufuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo tu.

Kumbe hata mastaa wenyewe wa India ndivyo wanavyofanya. Steringi anachezesha midomo, sauti ni ya mtu mwingine aliyerekodi studio. Lakini mwanzoni haikuwa hivyo. Kuna wakati mtu asiyejua kuimba hakuweza kabisa kuwa steringi.

Staa mkubwa kuliko wote wa wakati huo kwa upande wa Watamil alikuwa M. K. Thyagaraja Bhagavathar. Na maisha yake yaliivunja ile sheria ya kibanda umiza.

Mtoto wa sonara aliyetoroka nyumbani

Alizaliwa Machi 1, 1910 katika mji wa Mayavaram, akakulia Tiruchirappalli, mji ambao wenyewe kwa kifupi wanauita Trichy. Familia yake ilikuwa ya masonara. Baba alitaka mtoto asome au ashike kazi ya dhahabu. Mtoto alitaka kuimba.

Inasimuliwa kwamba alipobanwa sana nyumbani alitoroka. Baba alimtafuta kila mahali, akaja kumkuta mji wa mbali wa Kadapa, amezungukwa na watu wanaomsikiliza akiimba. Mzee akaona hapa hakuna tena cha kuzuia. Akamrudisha nyumbani na kumruhusu aimbe nyimbo za dini.

Huko Trichy alisikika na ofisa mmoja wa reli, F. G. Natesa Iyer, aliyekuwa akiendesha kikundi cha michezo ya jukwaani. Akampa nafasi ya mtoto wa mfalme katika mchezo wa Harishchandra akiwa na miaka kama 10 hivi. Baada ya hapo alifundishwa muziki rasmi, akapewa jina la Bhagavathar, yaani mwimbaji wa nyimbo takatifu. Mwaka 1926 alipata nafasi kubwa katika mchezo wa Pavalakkodi, na watu wakaanza kumfuata mji kwa mji.

Sinema inapata sauti

Ni kipindi kile kile ambacho Siti binti Saad wa Zanzibar alipanda meli hadi Bombay, mwaka 1928, kurekodi santuri. Sauti ya mtu ilikuwa imeanza kusafiri bila mwenyewe. Mwaka 1931 India ikatoa sinema yake ya kwanza yenye sauti, Alam Ara, na mwaka huo huo ikafuata Kalidas, ya kwanza kwa watu wa kusini.

Watengenezaji hawakwenda mbali kutafuta waigizaji. Walichukua watu wa jukwaani, na jukwaani kila kitu kiliimbwa. Mwaka 1934 mchezo wa Pavalakkodi ukageuzwa sinema na Bhagavathar akawa steringi. Picha hiyo moja ilikuwa na nyimbo kama 50. Leo picha ikiwa na nyimbo sita tunasema zimezidi!

Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Mwigizaji aliimba palepale mbele ya kamera, wapiga vyombo wamekaa pembeni ili wasionekane. Akikosea neno moja, wanaanza upya. Hakukuwa na mahali pa kujificha: uso, mwili na koo vyote vilikuwa vya mtu mmoja.

Mwaka 1937 alitoa picha mbili zilizomweka juu. Chintamani ilionyeshwa zaidi ya mwaka mzima, na faida yake ikatumika kujenga jumba la sinema mjini Madurai lililopewa jina hilo hilo la Chintamani. Ambikapathy, iliyoongozwa na Mmarekani Ellis R. Dungan ambaye Kitamil hakukijua, nayo ikapiga kweli kweli.

Zikafuata Thiruneelakantar mwaka 1939, Ashok Kumar mwaka 1941 na Sivakavi mwaka 1943. Vijana walifuga nywele hadi mabegani ili wafanane naye. Watu walisema anakula kwenye sahani ya dhahabu. Iwe kweli au si kweli, ilionyesha walivyomwona.

Katika Ashok Kumar kulikuwa na kijana mmoja mwenye nafasi ndogo, jina lake M. G. Ramachandran. Mkumbuke, tutarudi kwake.

Gazeti la udaku na mauaji ya Madras

Ilipofika 1943 mjini Madras, ambao siku hizi ni Chennai, bwana mmoja aitwaye Lakshmikanthan alianzisha gazeti la Cinema Thoothu. Lilikuwa gazeti la udaku. Liliandika mambo ya chumbani ya mastaa, na wapo waliolipa ili wasiandikwe.

Bhagavathar, mchekeshaji N. S. Krishnan na mwongozaji Sriramulu Naidu walipeleka malalamiko kwa gavana, na leseni ya gazeti ikafutwa. Lakshmikanthan hakukata tamaa. Akachukua gazeti lingine, Hindu Nesan, akaendelea pale pale alipoachia.

Oktoba 1944, wakati wa sikukuu ya Diwali, ikatoka picha kubwa kuliko zote za Bhagavathar: Haridas. Ndani yake ni mwanamume anayewatesa wazazi wake na kutapanya mali kwa mwanamke, kisha anapoteza miguu, anatubu na kurudi kwa wazazi. Mwishoni anasamehewa na miguu anarudishiwa.

Mwezi uliofuata, Novemba 1944, Lakshmikanthan alishambuliwa kwa kisu akiwa ndani ya riksho mtaa wa Vepery. Akafariki hospitalini.

Desemba polisi wakawakamata wale watatu waliokuwa wamemlalamikia. Upande wa mashtaka ulidai walikula njama ya kumuua. Mwaka 1945 Naidu aliachiwa, lakini Bhagavathar na Krishnan walihukumiwa kifungo cha maisha. Mahakama Kuu ya Madras ikaitupa rufaa yao.

Sasa fikiria hali ilivyokuwa. Haridas ilikuwa bado inaonyeshwa katika ukumbi wa Broadway, Madras. Ilipita Diwali ya 1944, ya 1945 na ya 1946 bila kuondolewa, zaidi ya wiki 100. Kila jioni watu walilipa kiingilio, wakamwona akitubu na kusamehewa, wakatoka wakiimba nyimbo zake. Mwenyewe alikuwa gerezani.

Rufaa ya London

Ilibaki njia moja tu. Wakati wa ukoloni mahakama ya mwisho kwa watu wa makoloni ilikuwa Baraza la Privy mjini London. Watu wa Afrika Mashariki nao walilijua baraza hilo: ndilo lililokataa maombi ya Jomo Kenyatta mwaka 1954 baada ya kesi ya Kapenguria.

Kwa Bhagavathar na Krishnan bahati ilikuwa upande wao. Baraza liliagiza rufaa yao isikilizwe upya huko Madras. Aprili 1947, miezi minne kabla ya India kupata uhuru, majaji waliona ushahidi hauaminiki, wakawaachia huru wote wawili. Nani hasa alipanga mauaji ya Lakshmikanthan, mpaka leo haijathibitika.

Kwenye kibanda umiza hapa ndipo wimbo ungepigwa na taa zikawashwa. Steringi karudi. Lakini alikuwa amekaa ndani karibu miaka miwili na nusu, na huko nje mambo yalikuwa yamebadilika.

Aliyerudi na aliyebaki nyuma

Picha alizokuwa amekubali kucheza kabla ya kukamatwa zilikwishapewa watu wengine au kuachwa. Akaamua kutengeneza zake. Raja Mukthi ilitoka 1948, ikaanguka. Amarakavi na Shyamala zikatoka 1952, nazo hazikufika popote.

Wengi husema jela ndiyo iliyommaliza, kwamba watu walimkimbia kwa sababu ya kesi. Lakini mtazame mwenzake Krishnan. Alitoka gereza lile lile, siku ile ile, kwa kesi ile ile. Akarudi kuchekesha, na watu wakacheka kama zamani, mpaka alipofariki mwaka 1957. Kama tatizo lingekuwa doa la kesi peke yake, naye lingempata.

Kilichomkuta Bhagavathar ni kwamba aina yake ya sinema ilikuwa inaondoka. Ufundi wa kuazima sauti, yaani mwingine aimbe studio na mwigizaji afuatishe midomo, ulianza kusini mwishoni mwa miaka ya 1930. Alipotoka jela ulikuwa umeshika kasi. Steringi hakulazimika tena kuwa na koo. Alihitaji sura, ngumi na maneno makali.

Na maneno yalikuwa yamepata wenyewe. Picha ya Velaikari ya 1949 iliandikwa na C. N. Annadurai, na Parasakthi ya 1952 ikaandikwa na M. Karunanidhi. Zote zilizungumza juu ya maskini, matajiri na unafiki wa kidini, kwa hotuba ndefu ambazo vijana walizikariri. Waandishi hao wawili baadaye wote waliongoza serikali ya jimbo lao. Hadithi za wafalme na watakatifu wenye nyimbo 50 zilionekana za wazee.

Mwaka 1957 unaeleza kila kitu. Ambikapathy ilitengenezwa upya. Nafasi aliyocheza Bhagavathar miaka 20 nyuma ilichukuliwa na Sivaji Ganesan, na sauti ya kuimba ikawa ya T. M. Soundararajan. Kazi aliyoifanya mtu mmoja sasa ilifanywa na wawili. Mwaka huo huo Bhagavathar alitoa picha aliyoiongoza mwenyewe, Pudhu Vazhvu, maana yake Maisha Mapya. Ikaanguka.

Kisukari kilikuwa kimeshamdhoofisha. Novemba 1, 1959 alifariki mjini Madras akiwa na miaka 49. Kaburi lake liko Trichy, mji ule ule ambako baba yake alimzuia kuimba. Picha yake ya mwisho, Sivakami, ilitoka mwaka uliofuata bila mwenyewe kuiona. Maisha yake yote alicheza picha 14 tu.

Sauti ilikoenda

Yule Soundararajan aliyeimba kwenye Ambikapathy mpya alikuwa kijana wa Madurai aliyeanza kazi kwa kumuiga Bhagavathar. Wimbo wake wa kwanza kwenye sinema aliuimba kwa mtindo wa Bhagavathar waziwazi. Baadaye akapata njia yake, akawa sauti ya mastaa wawili wakubwa kwa zaidi ya miaka 20: Sivaji Ganesan na M. G. Ramachandran.

Ndiyo, yule yule Ramachandran wa nafasi ndogo kwenye Ashok Kumar. Alikuja kuwa steringi asiyeshindwa, akapendwa na maskini, na mwaka 1977 akawa Waziri Mkuu wa jimbo la Tamil Nadu. Alikaa madarakani karibu muda wote hadi alipofariki mwaka 1987. Mikutano yake ilijaa watu waliomjua kwa nyimbo ambazo hakuziimba yeye.

Bhagavathar hakupata hata kimoja kati ya hivyo. Mahakama ilimrudishia jina lake, lakini hakuna mahakama iliyoweza kumrudishia miaka ile ya jela, ambayo ndiyo ilikuwa miaka yake ya juu kabisa. Angekuwa nje pengine angebadilika taratibu pamoja na sinema, kama wengine walivyofanya. Alitoka akakuta gari limeshaondoka.

Kwa hiyo ukikaa kibanda umiza na steringi wa Kitamil akaanza kuimba mvua ikimnyeshea, angalia midomo yake vizuri. Sauti unayoisikia si yake. Walikuwepo waliofanya vyote viwili, na mkubwa wao aliwahi kuisikia Diwali mbili zikipita akiwa nyuma ya nondo, huku mjini watu wakipanga foleni kwenda kumtazama.