Haile Selassie: sauti ya taifa dogo mbele ya wakubwa wa dunia



Kila mara vita vinaporudi katika vijiji vyetu na watu wanafunga mizigo kuingia njiani, tunasikia swali lile lile makanisani: mikutano ya mataifa ina faida gani kwa mtu mdogo? Mapatano yanatiwa sahihi, wajumbe wanapanda ndege na kurudi kwao, na bunduki zinaendelea kulia milimani. Swali hilo si geni. Mwaka wa 1936 Mwafrika mmoja alilipeleka mwenyewe mbele ya mataifa yaliyokusanyika Geneva. Ndiye Haile Selassie, mfalme mkuu wa Ethiopia. Tunasimulia maisha yake bila kumfanya mtakatifu, maana alikosa pia, na makosa yake yanatufundisha kama vile ushujaa wake.

Mtoto wa Harar

Alizaliwa tarehe 23 mwezi wa saba mwaka wa 1892 katika kijiji cha Ejersa Goro, karibu na mji wa Harar, mashariki mwa Ethiopia. Aliitwa Tafari. Baba yake, Ras Makonnen, alikuwa gavana wa Harar na mmoja wa majemadari wa Mfalme Menelik walioshinda jeshi la Italia huko Adwa mwaka wa 1896. Mama yake alifariki Tafari akiwa bado mdogo sana, na baba naye akafariki mwaka wa 1906. Wamisionari Wakatoliki walimfundisha Kifaransa, lakini alibaki mwana wa Kanisa la Orthodoksi la nchi yake, kanisa la kale sana katika Afrika.

Mwaka wa 1916 wakuu wa nchi walimwondoa mtawala kijana, Lij Iyasu. Wakamweka Zewditu, binti wa Menelik, awe malkia, na Tafari akawa msimamizi wa serikali na mrithi wa kiti.

Ethiopia haikuwa ndogo kwa eneo. Ilikuwa ndogo kwa nguvu. Ilizungukwa pande zote na makoloni ya Italia, Uingereza na Ufaransa, na jeshi lake halikuwa na ndege wala mizinga ya kutosha. Tafari aliona kwamba ulinzi wa nchi ya namna hiyo ungepatikana katika sheria ambayo mataifa yote yanaiheshimu. Kwa hiyo aliomba Ethiopia ipokelewe katika Shirika la Mataifa, lile ambalo wazee wetu waliosoma Kifaransa waliliita SDN, lililotangulia ONU ya leo. Wengine walipinga kwa sababu utumwa ulikuwa bado unaendelea Ethiopia, na jambo hilo lilikuwa kweli. Tafari aliahidi kuukomesha, na tarehe 28 mwezi wa tisa 1923 nchi yake ikapokelewa. Mkataba wa Shirika hilo ulisema wazi kwamba taifa moja likivamiwa, mengine yote yatahesabu kwamba yamevamiwa.

Tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 1930 alivikwa taji, akachukua jina la Haile Selassie, maana yake Nguvu ya Utatu. Mwaka uliofuata aliipa nchi katiba yake ya kwanza. Lakini bunge la katiba ile halikuchaguliwa na raia, na neno la mwisho lilibaki la mfalme. Tukumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Mkataba unajaribiwa

Italia ya Mussolini haikusahau aibu ya Adwa. Mwisho wa mwaka wa 1934 askari wa pande mbili walipigana penye visima vya Walwal, na Italia ikapata kisingizio chake. Haile Selassie alipeleka mashitaka Geneva, akaomba waamuzi. Miezi ilipita katika mazungumzo, na meli za Italia zikaendelea kupitisha askari katika mfereji wa Suez. Tarehe 3 mwezi wa kumi 1935 jeshi la Italia lilivuka mpaka.

Shirika la Mataifa lilihukumu kwamba Italia ndiyo iliyovunja mkataba, na likaweka vikwazo vya biashara. Lakini mafuta ya petroli, ambayo bila hayo magari na ndege za vita haziendi, hayakuwekwa katika vikwazo hivyo, na mfereji wa Suez haukufungwa. Mwezi wa kumi na mbili mawaziri wa Uingereza na Ufaransa walitunga kwa siri mpango wa kumpa mvamizi sehemu kubwa ya Ethiopia ili atulie. Habari zikatoka, watu wakakasirika, mpango ukaanguka, lakini kila mtu alikwisha kuona mioyo ya wakubwa ilikuwa wapi.

Huku nyuma ndege za Italia zilimwaga gesi ya sumu juu ya askari, wakulima, mifugo na mito, ingawa Italia ilikuwa imetia sahihi mapatano ya kukataza silaha hiyo. Hata hospitali za Msalaba Mwekundu zilipigwa mabomu. Mwisho wa mwezi wa tatu 1936 jeshi la mfalme lilishindwa huko Maychew. Tarehe 2 mwezi wa tano alipanda gari la moshi kwenda Djibouti, na siku tatu baadaye Addis Ababa ikaanguka. Wengine walimlaumu kwa kuondoka, wakisema mfalme anapaswa kufa pamoja na watu wake. Yeye alichagua kwenda kuwasemea. Alipitia Yerusalemu kuomba, kisha akaelekea Ulaya.

Siku ya Geneva

Tarehe 30 mwezi wa sita 1936 alisimama mbele ya mkutano wa Shirika la Mataifa. Kabla hajafungua kinywa, waandishi wa habari Waitalia walianza kupiga miluzi na kumzomea, mpaka walinzi wakawatoa nje. Alisubiri kwa utulivu. Angeweza kusema Kifaransa, lakini alisema Kiamhari, lugha ya watu wake.

Alieleza gesi ilivyoua, na ahadi zilivyotolewa na kuachwa. Kisha akalipanua neno lake. Alionyesha kwamba kesi ile haikuwa ya Ethiopia peke yake. Ilihusu mataifa yote madogo, na thamani ya sahihi inayowekwa chini ya mkataba. Wakati ule wakubwa walikuwa wanazungumza habari ya kutengeneza upya mkataba wa Shirika. Haile Selassie aliwauliza maandishi mapya yatasaidia nini kama hakuna nia ya kuyatii. Aliwauliza pia ni jibu gani atalipeleka kwa watu wake.

Jibu lilikuja upesi. Katika mwezi ule uliofuata vikwazo dhidi ya Italia viliondolewa. Mfalme akaenda kuishi Bath, Uingereza, akiwa mkimbizi. Huko kwao, mwezi wa pili 1937, Waitalia waliua maelfu ya watu wa Addis Ababa kwa siku tatu, na baadaye mamia ya watawa wa Debre Libanos. Halafu, miaka mitatu tu baada ya siku ya Geneva, moto ule ule ukawaka Ulaya yote.

Askari wa Kongo katika milima ya Ethiopia

Italia ilipoingia vita vikuu mwezi wa sita 1940, Waingereza walimkumbuka mfalme. Alipelekwa Sudani, na mwezi wa kwanza 1941 akavuka mpaka pamoja na wapiganaji wake. Tarehe 5 mwezi wa tano 1941, miaka mitano kamili tangu Addis Ababa ianguke, aliingia tena mjini. Neno lake kubwa siku ile lilikuwa kwamba watu wasilipize kisasi kwa Waitalia waliobaki. Kwa watu waliopoteza baba na watoto, agizo hilo lilikuwa gumu.

Babu zetu walishiriki katika ukombozi ule. Askari wa Force Publique walitoka Kongo, wakapita Sudani, wakaingia magharibi mwa Ethiopia. Walipigana Asosa na Gambela, na mwezi wa saba 1941 jemadari wa Waitalia alijisalimisha mbele yao huko Saïo. Jina hilo watu wa Bukavu wanalijua kwa sababu ya kambi ya askari, lakini vijana wengi hawajui limetoka wapi. Askari na wapagazi wengi walikufa huko kwa magonjwa. Walikwenda kwa amri ya mkoloni, nao wenyewe hawakuwa huru. Hata hivyo jasho lao liko katika uhuru wa Ethiopia.

Kurudi mezani

Mtu aliyetendewa hivyo Geneva angeweza kuchukia mikutano ya mataifa yote. Haile Selassie alirudi mezani. Mwaka wa 1942 alitoa sheria ya kukomesha utumwa, deni lake tangu 1923. Mwaka wa 1945 Ethiopia ilikuwa kati ya mataifa yaliyoanzisha ONU. Mwaka wa 1960, pamoja na Liberia, iliishitaki Afrika Kusini mbele ya Mahakama ya Kimataifa kwa sababu ya ubaguzi katika nchi inayoitwa leo Namibia. Baada ya miaka sita mahakama ilisema kwamba nchi hizo mbili hazikuwa na haki ya kushitaki. Lakini mwaka wa 1971 mahakama hiyo hiyo ilitamka kwamba Afrika Kusini inakaa Namibia kinyume cha sheria.

Kongo ilipoingia katika fujo mwaka wa 1960, Ethiopia ilikuwa kati ya nchi za kwanza kutuma askari chini ya bendera ya ONU. Walikaa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na Katanga. Kuanzia 1962 mpaka 1963 jemadari Mwethiopia, Kebede Guebre, aliongoza jeshi lote la ONU katika nchi yetu.

Mwezi wa tano 1963 viongozi wa Afrika walikutana Addis Ababa wakiwa wamegawanyika makundi mawili, wenye haraka ya umoja na wenye kutaka hatua ndogo ndogo. Mfalme alifanya kazi ya kuwapatanisha, na Umoja wa Nchi za Afrika ukazaliwa. Mwezi wa kumi mwaka ule alisimama mbele ya ONU huko New York. Aliwakumbusha siku ya Geneva, akaomba silaha zipunguzwe, ubaguzi wa rangi ukomeshwe, na nchi ndogo ihesabiwe sawa na kubwa. Alirudia pia neno lake la zamani, kwamba mkataba una nguvu kwa kadiri ya nia ya wale wanaoutia sahihi.

Makanisa nayo yalipata nafasi kwake. Mwaka wa 1972 Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Baraza la Makanisa ya Afrika Yote yalisaidia kupatanisha serikali ya Sudani na wapiganaji wa kusini. Mapatano yalifanyika Addis Ababa, mfalme akiyaunga mkono, na vita vilinyamaza kwa miaka kumi na moja.

Nyumbani kwake

Sasa tuseme upande mwingine. Eritrea iliunganishwa na Ethiopia mwaka wa 1952 kwa azimio la ONU, ikiwa na bunge lake. Mwaka wa 1962 serikali ya mfalme iliuvunja mpango huo, na Eritrea ikawa jimbo tu. Yule aliyewaonya mataifa kwa kuvunja ahadi alivunja ahadi, na vita vya Eritrea viliendelea mpaka 1991.

Mwaka wa 1960 maofisa wa walinzi wake walijaribu kumpindua. Walishindwa, lakini malalamiko yao juu ya ardhi na umaskini yalikuwa ya kweli, na mabadiliko yaliyofuata yalikuwa madogo mno. Mkulima aliendelea kumpa mwenye ardhi sehemu kubwa ya mavuno. Mvua ilipokosekana Wollo, kuanzia 1972, makumi ya maelfu ya watu walikufa njaa wakati serikali ikificha habari. Filamu ya televisheni ya Uingereza iliwaonyesha walimwengu yale ambayo watumishi wa mfalme hawakutaka aambiwe, au ambayo yeye hakutaka kuyasikia.

Tarehe 12 mwezi wa tisa 1974 askari walimwondoa na kumpakia katika gari dogo la Volkswagen. Tarehe 27 mwezi wa nane 1975 alikufa kifungoni. Watawala wapya walisema ni ugonjwa. Utawala wao ulipoanguka, viongozi wao walishitakiwa kwa kumwua. Mifupa yake ilipatikana mwaka wa 1992, imezikwa kwa siri katika uwanja wa jumba la kifalme. Mwaka wa 2000 akazikwa kwa heshima katika kanisa kuu la Utatu Mtakatifu.

Sisi tunachukua nini?

Tunachukua kwanza subira ya kurudi mezani. Mjane wa Injili ya Luka alirudi kwa kadhi asiyemcha Mungu mara nyingi, na kazi hiyo haikuwa bure. Mfalme alikwenda Geneva akiwa na mambo yaliyoelezwa wazi: nini kilitokea, wapi, kwa silaha gani. Parokia zetu zinaweza kufanya hivyo. Kijiji kinapochomwa, tarehe iandikwe, majina ya waliokufa yaandikwe, na daftari lihifadhiwe. Siku ya kuulizwa, tusiwe na machozi tu.

Tunachukua pia onyo. Daudi alikuwa na Nathani wa kumwambia kosa lake usoni. Haile Selassie alizungukwa na watu waliomsifu, akaomba matengenezo kwa dunia yote na kuyachelewesha nyumbani mwake. Tunadai haki kwa ONU na kwa serikali, na ni vema. Basi na sisi tufungue vitabu vya hesabu vya parokia, tuwasikilize akina mama na vijana katika kamati, na tumpe nafasi yule anayesema neno tusilopenda kulisikia.

Tuwaombee wajumbe wanaokaa kwa ajili ya amani ya nchi yetu, ili sahihi zao ziwe na uzito. Na tuwakumbuke ndugu zetu wanaolala usiku huu chini ya mahema.