Krapf, Kamusi Yake na Kalamu Yangu Nyekundu

Miongoni mwa vitabu ninavyovienzi kimo kimoja ambacho mwandishi wake hakujaliwa kukiona kikitoka mtamboni. Ni kamusi ya Kiswahili ya Johann Ludwig Krapf, iliyochapishwa London mnamo 1882, miezi michache baada ya mwandishi kuaga dunia. Nakala ninayoitumia si ya mwaka huo. Ni ya chapa iliyotolewa upya mwaka 1964, wakati ambapo wachapishaji wa ng'ambo walikuwa wakivifufua vitabu vikongwe vya taaluma kurasa kwa kurasa, jinsi vilivyokuwa, bila kuvisahihisha. Leo nataka kusimulia habari za mtu huyo, kisha niungame kosa langu ambalo kitabu chake kilinifunulia.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Babake alikuwa mkulima. Alifunzwa kazi ya umisionari huko Basel, Uswisi, akasoma theolojia Tübingen, na mwaka 1837 akaenda Ethiopia chini ya shirika la Kianglikana la CMS. Tangu 1839 hadi 1842 aliishi Shewa, na huko ndiko moyo wake ulikovutwa na Waoromo. Aliamini kwamba watu hao wakiupokea Ukristo, eneo zima la mashariki ya Afrika lingefuata. Alipozuiwa kurejea Shewa, aliwaza kuwafikia kwa kupitia pwani yetu. Yaani, Kiswahili hakikuwa shabaha yake tangu awali. Kilikuwa njia tu ya kuendea kwingine.

Alifika Unguja mapema mwaka 1844, akapewa na Sayyid Said barua ya kumtambulisha kwa wakuu wa pwani, na mwezi wa Mei akafanya maskani Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi wa Julai homa iliwaangusha wote wawili. Rosine alifariki siku chache baada ya kujifungua, na kitoto chao cha kike kikamfuata. Kaburi liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Mtu mwingine angefunga mizigo yake akarudi kwao. Krapf alibaki, na kazi iliyomshika ilikuwa kazi ya maneno.

Kazi hiyo alikuwa ameianza mwezi mmoja tu kabla ya msiba. Mnamo Juni 1844 alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhiddin. Naomba msomaji alikumbuke jina hilo, kwani nitalirudia. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki.

Mwaka 1846 alijiunga naye mwenzake Johannes Rebmann, nao wakahamia Rabai. Kuanzia hapo matunda ya kalamu yake yalifuatana. Mwaka 1850 alitoa huko Tübingen muhtasari wa sarufi ya Kiswahili, pamoja na msamiati uliolinganisha lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba na Kipokomo zikiwamo. Mwaka 1854 ikafuata orodha ya maneno ya Kimaasai. Katikati ya shughuli hizo alisafiri hadi Ukambani, akapokewa na Kivoi, mkuu maarufu wa Kitui, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona kwa mbali mlima wenye theluji. Jina la mlima aliliandika kama masikio yake yalivyolinasa kwa Wakamba, na kutokana na jina hilo nchi yetu nzima inaitwa Kenya. Mwaka 1853 maradhi yalimrudisha Ujerumani. Alikuja tena mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi yao, lakini afya haikumruhusu kukaa. Alifia Korntal tarehe 26 Novemba 1881.

Hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi. Lakini mwalimu anayempa mwanafunzi kitabu cha kale hana budi kumwonya pia, maana kitabu kikichapishwa upya, hekima ya mwandishi hurudi pamoja na chuki zake. Krapf aliamua kukiandika Kiswahili kwa hati za Kirumi, ilhali Waswahili walikuwa wakikiandika kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi. Sababu yake mojawapo haikuwa ya kiisimu: alitaka kuitenga lugha na Uislamu. Aidha, wenyeji wa Rabai na jirani zao, ambao leo tunawaita Wamijikenda, aliwaita Wanyika, jina walilopachikwa na wengine na lenye dharau ndani yake. Kitabu chake cha safari cha 1860, ambacho nacho kilichapishwa upya mwaka 1968, kimejaa hukumu kali dhidi ya dini na mila za watu waliomkirimu.

Na hapa ndipo ninapolirudia jina la Sheikh Ali. Mtu aliyetaka kuutenga Uislamu na Kiswahili alifunzwa Kiswahili na kadhi. Vilevile, mnamo 1854 Krapf aliikabidhi jumuiya ya wataalamu huko Halle, Ujerumani, miswada ya tungo za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ukiwamo ule wa Utenzi wa Herekali. Hivyo mkono ule ule uliozikataa hati hizo ndio uliosaidia kuzihifadhi. Isitoshe, kamusi ya 1882 imebeba jina moja tu katika jalada lake, ilhali kila ukurasa umejaa sauti za watu wa Mombasa na Rabai waliokaa naye wakamfafanulia neno kwa neno. Hao ni waandishi wenza waliokosa jalada.

Sasa niungame. Kabla sijaanza kufundisha chuo kikuu, nilikuwa mwalimu wa shule ya sekondari huko pwani. Mwanafunzi mmoja aliandika katika insha yake *ndia* badala ya njia, na *mato* badala ya macho. Niliyakata maneno hayo kwa kalamu nyekundu, kisha pembeni nikaandika kwamba ajiepushe na lugha ya mitaani. Miaka kadhaa baadaye, nikifanya utafiti wa shahada ya uzamifu, niliifungua kamusi ya Krapf nikayakuta maneno yale yale, yametulia katika kurasa zake kama wazee barazani. Hayakuwa ya mitaani. Yalikuwa Kimvita, lahaja ambayo Krapf aliifanya msingi wa kamusi yake kwa kuwa ndiyo iliyomzunguka. Mwanafunzi wangu alikuwa akisema kama nyanyake, na mimi nilimfundisha kumwonea nyanyake haya.

Kosa hilo lina historia. Askofu Edward Steere aliitafiti lahaja ya Kiunguja, na mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaupitisha usanifu huo katika vitabu vya shule. Siupingi uamuzi huo. Lugha ya mataifa mengi yahitaji kipimo kimoja, na mtahini ana haki ya kudai usanifu. Lakini kusema kwamba neno si sanifu ni jambo moja, na kusema kwamba neno ni kosa ni jambo jingine kabisa. Tofauti hiyo sikuijua, na aliyenifunza ni mtu aliyekwisha kufa zaidi ya karne moja iliyopita.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, vitabu hivi vikongwe tusivifungie kabatini kwa kuwa vina kasoro, wala tusivisujudie kwa kuwa vina umri. Mwanafunzi wa lahaja apewe kamusi ya Krapf, atafute humo maneno ya kwao, kisha aulize ni nani aliyemwambia Krapf neno lile, na kwa nini hakutajwa. Nawe mwanafunzi, mwalimu akikukatia neno ulilolirithi nyumbani, mwombe kwa adabu akuonyeshe kama ni kosa au ni lahaja. Ningeulizwa swali hilo siku ile, ningelazimika kwenda kutafuta jibu, na kalamu yangu nyekundu ingetulia.