Siti binti Saad, nyota wa Fumba kabla ya Yanga na Simba

Fumba imeanza kuandikwa kwenye kurasa za michezo. Ndiko Zanzibar ilikopanga kujenga uwanja kwa ajili ya AFCON ya 2027, na mashabiki wengi wamelisikia jina hilo mara ya kwanza kwa sababu ya mpira. Lakini Fumba ilishatoa nyota zamani, Yanga na Simba hazijazaliwa. Alikuwa mwanamke, na mpira hakucheza.

Siti binti Saad alizaliwa huko karibu mwaka 1880, kwenye ukoo uliotoka utumwani. Jina alilopewa ni Mtumwa. Hilo la Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, lilikuja ukubwani. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti akawa anabeba vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini, kwa miguu, huku akinadi kwa sauti. Shabiki wa Simbo anayekatiza kwa mguu mpaka Uwanja wa Lake Tanganyika kuwaona Mashujaa anajua mwendo ulivyo. Sasa ajitwishe na vyungu, tena visivunjike! Kocha wa leo angesema ni mazoezi ya pumzi, na kweli pumzi ile ilikuja kumfaa.

Mwaka 1911 akahamia mjini, upande wa Ng'ambo walikokaa maskini. Ali Muhsin akamfundisha kuimba. Wakati huo klabu kubwa ya taarabu ilikuwa Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa 1905, ya wanaume, na lugha ya taarabu ilikuwa Kiarabu. Siti akaunda kikosi chake: Maalim Shaaban kwenye sauti, pamoja na Subeti Ambari, Buda bin Swedi na Mbaruku, ambaye hakuwa na macho lakini muziki aliujua kuliko wenye macho. Wakaimba Kiswahili, habari za mtaani, na mtaa ukaelewa.

Wapinzani hawakulala. Wakamtungia nyimbo za kumkejeli: mshamba, sura hana, kaja mjini na vyungu vyake. Hizo ni kelele za jukwaani, tunazijua. Yeye akajibu kwa wimbo kwamba sura si kitu, akili ndiyo yenye kazi.

Mwaka 1928 kampuni ya HMV ikawapeleka Bombay, India, kurekodi. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amerekodi santuri kabla yake. Kufikia 1931 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 70,000, na hapo ukumbuke gramafoni ilikuwa mali ya wachache, watu wanakusanyika nyumba moja kama sisi tunavyobanana kwenye kibanda kuangalia dabi. Reli ilishafika Kigoma tangu 1914, kwa hiyo bidhaa za pwani hazikuwa na sababu ya kuishia pwani.

Ng'ambo ya Siti ndiyo Ng'ambo ya mpira. Jioni vijana wa vibarua na makarani walikuwa Mnazi Mmoja wakicheza na wakishangilia, usiku haohao walijazana kwa Siti kusikiliza kikosi kikifanya mazoezi. Walibishana mechi, walibishana na hukumu za mahakama. Maana Siti aliimba na hizo. Wimbo wa Kijiti ni kisa cha kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa, muuaji akatoroka kuvuka bahari, na wanawake waliokuwa naye ndio waliogeuziwa kibao mahakamani. Ukiona mwamuzi kampa kadi aliyechezewa rafu, kisa hicho utakielewa. Kumwimba hakimu wa kikoloni, mwanamke wa ukoo wa watumwa, haikuwa mchezo.

Siti alifariki Julai 8, 1950. Shaaban Robert aliwahi kumkuta hai, akaandika wasifu wake. Mwaka 1988 wanahabari wanawake wa TAMWA walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti.

Na miguu ya Fumba ilipata mrithi. Mtoto mmoja wa muuza nazi alikuwa akimnyemelea Siti ili amsikilize, akashika nyimbo zake, kisha akakimbia ndoa na kuizunguka bara peku, bila viatu. Alipiga ngoma na kuimba majukwaani hadi uzee wa kupindukia, akafariki Aprili 17, 2013. Huyo ni Bi Kidude.