Sayari ya Padre Piazzi

Wazazi wengi walifundishwa shuleni kwamba sayari ni tisa. Watoto wao sasa hufundishwa kwamba ni nane. Wako wanaodhani kwamba wataalamu wanatuchezea. Twaona yafaa kumkumbuka Padre Giuseppe Piazzi, kwa maana sayari aliyoivumbua yeye ilipatwa na mambo hayo hayo zamani.

Alizaliwa mwaka 1746 huko Ponte, kaskazini ya Italia, akaingia Shirika la Wateatini. Huko Palermo, katika kisiwa cha Sicilia, alifundisha hesabu, kisha akajenga mahali pa kutazamia nyota juu ya jumba la mfalme. Chombo chake kikubwa alikifuata London kwa fundi Ramsden. Kazi yake ilikuwa kupima mahali pa kila nyota, usiku baada ya usiku.

Usiku wa tarehe 1 Januari 1801 alipima nyota moja hafifu; usiku wa pili akaikuta imesogea. Hakujivuna. Alitangaza kwamba huenda ni nyota yenye mkia, ingawa alitumaini ni kubwa kuliko hiyo. Aliifuata hata tarehe 11 Februari, kisha ikapotea katika mwanga wa jua. Kwa vipimo vyake hivyo vichache Mjerumani kijana, Gauss, alikokotoa njia yake, na mwisho wa mwaka ikaonekana tena. Piazzi akaiita Ceres, ikahesabiwa kuwa sayari.

Lakini kufika mwaka 1807 zilikuwa zimeonekana nyingine tatu, nazo pia kati ya Mirihi na Mshtarii, na baadaye nyingi zaidi. Ndipo wataalamu wakaziondoa zote katika hesabu ya sayari. Pluto, iliyovumbuliwa mwaka 1930, iliondolewa vivyo hivyo mjini Prague tarehe 24 Agosti 2006. Iliamuliwa kwamba sayari yapasa kulizunguka jua, kuwa ya mviringo, na kutawala njia yake peke yake. Pluto haina sifa ya tatu. Hivyo huitwa sayari kibete, pamoja na Ceres. Wako wataalamu wasioridhika hata leo.

Je, Piazzi alikosea? Sivyo. Mbingu hazikubadilika, ni maarifa yetu yaliyoongezeka. Alipofariki huko Napoli mwaka 1826 aliacha orodha ya nyota 7,646 alizozipima kwa uaminifu, wala badiliko la jina halikupunguza hata kipimo kimoja. Basi mtoto akisema sayari ni nane, mzazi asimkemee wala asimdharau mwalimu. Amsimulie habari za Padre huyu.